Smichi Moja kwa Kila Jerikani

Mkinisikia nikisema "kidogo tu", nishukuni. Mtu yeyote akiwaambia ameweka dawa kidogo, amepunguza kidogo, amechelewa kidogo, msimwamini mpaka awaonyeshe hicho kidogo kiko wapi na kinatosha kitu gani. Nimefanya kazi ya kutia dawa kwenye maji hapa Juba mpaka nikastaafu, na nawaambia nyinyi vijana mnaoishika leo: dhara kubwa kuliko yote niliyomfanyia mwenzangu lilienea ndani ya kifuniko cha soda, na nafasi ikabaki.

Mwenzangu huyo ni Ladu, wa baiskeli nambari thelathini na moja, muuza maji niliyemnyang'anya kazi yake. Nitafika kwake. Lakini kwanza mjue mimi ni mtu wa namna gani, msije mkanihurumia bure.

Mimi ni Nekesa, mtu wa Bungoma. Nilikuja Juba na mkataba wa miezi sita, nikazeekea hapa. Kuniambia nina shaka ni kuniambia nina pua. Nikinunua nyanya sokoni Custom nazihesabu mbele ya muuzaji, nikifika nyumbani nazihesabu tena, na zikitimia najiuliza kwa nini leo hakuniibia. Marehemu mume wangu alikuwa akisema ningekuwepo pale Edeni, nyoka angedaiwa kitambulisho. Nilidhani tabia hiyo ndiyo iliyonifanya nifae kwa kazi ya maji.

Kazi yenyewe ni nyepesi kueleza. Maji ya mto yanavutwa na pampu hadi kwenye tangi, yanatulia, tope linashuka. Wauza maji wanakuja na baiskeli, kila mmoja na jerikani zake sita au nane, wanajaza. Kabla jerikani haijafungwa, mtu wa dawa anamimina maji ya klorini kwa kipimo. Nusu saa baadaye yanafaa kunywewa. Ukizidisha, watu wanakunja pua na kwenda kuchota mtoni moja kwa moja. Ukipunguza, tumbo la kuhara linapiga hodi mlangoni. Nilikuwa nalipwa kwa ajili ya nafasi hiyo nyembamba iliyo katikati.

Na kujua kama dawa ipo si kazi ya ulimi. Unachukua maji kwenye kichupa, unatumbukiza kidonge, unatikisa. Yakigeuka rangi ya waridi, dawa ipo. Yakikaa vilevile, hamna kitu, hata kama aliyeyatia dawa ni mchungaji.

Aliyenifundisha ni mzee mmoja wa Kiskoti, Aleki, mtu wa kofia ya majani na chai bila sukari. Wiki yangu ya kwanza nilimwuliza, "Niweke kiasi gani? Kidogo?" Akaweka kikombe chini. Akanieleza kwamba kwao, nyanya yake alikuwa na maneno ya kusema "kidogo" ya kujaza kikapu. Smitch, hilo la zamani sana, ndilo alilolipenda. Wengine wanadai ndilo lililozaa lile la Kiingereza cha leo, smidgen, na wenye vitabu bado wanabishana. Tait ni sufu au nyasi inayoshikika kwa ncha za vidole. Curn ni punje chache. Pickle ni unga kidogo wa kuazima kwa jirani.

Mimi nami sikukubali kushindwa nikiwa nimeketi. Nikamwambia sisi tuna chembe ya chumvi, tone la mafuta, punje ya mahindi, funda la maji, lepe la usingizi, na mtu akikunyima kabisa anakunyima hata kiduchu. Wauza maji wetu nao, kwa Kiarabu chao cha Juba, wakitaka kidogo wanasema shwia. Tulibadilishana maneno mpaka chai ikapoa. Mwishoni nikamwambia shaka yangu: watu wenye majina mengi hivi ya kitu kidogo, lazima walipunjwa sana.

Nilidhani atacheka. Akasema, "Kweli, Nekesa. Nyanya yangu alinunua unga kwa mtu aliyekuwa na mizani yake mwenyewe. Kwa hiyo maneno hayo yabaki jikoni. Hapa kwenye maji sitaki kusikia hata moja. Hapa ni mililita tano."

Akanipa bomba la sindano lisilo na sindano, lenye nambari ubavuni. Mililita tano za maji ya dawa kwa kila jerikani, si nne, si sita. Akaniambia pia dawa ichanganywe upya kila asubuhi, ikae kwenye jerikani nyeusi, na jerikani nyeusi ikae kivulini. Sababu alizieleza, nina hakika alizieleza, lakini mimi wakati huo nilikuwa namwangalia mtu mmoja aliyesimama karibu mno na mlango wa stoo.

Aleki mkataba wake uliisha, akaenda kwao. Bomba lake lilidumu mpaka nambari zikafutika. Tukaomba mengine, tukaambiwa yanakuja, na mnajua jinsi vitu vinavyokuja hapa. Siku moja mwenzetu akapima kifuniko cha soda, akasema kinachukua mililita tano na ushei kidogo. Mnaliona hilo neno lilivyopenya? Tukachukua kifuniko. Na kwa kumkumbuka mzee wetu tukakibatiza jina la nyanya yake, likalainika midomoni mwetu likawa smichi. "Smichi moja kwa kila jerikani," nikawa nawaimbia wageni wa kazi. Kitu kikishapata jina zuri, hakuna anayekipima tena. Lilikuwa kosa, lakini bado halikuwa lenyewe.

Lenyewe lilianzia kanisani. Klorini inang'arisha nguo nyeupe, na Jumapili Juba yote ni nyeupe. Nikamwona mfanyakazi mwenzangu amevaa shati jeupe la kuumiza macho, na wiki hiyo hiyo nilihisi dawa inapungua. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia, na hiki kipo nguoni kabisa, kimepigwa pasi. Jumatatu nikaiondoa jerikani nyeusi. Dawa ya kila asubuhi nikawa naiweka kwenye chupa kubwa ya plastiki isiyo na rangi, nikachora mstari kwa kalamu mahali inapoishia, nikaiweka juu ya meza nje, peupe, kila mtu aione. Nami nikaketi kwenye kivuli nikiikodolea macho. Kila baada ya jerikani kadhaa nilichora mstari mwingine na kuhesabu smichi zilizotoka. Hesabu zilitimia. Wiki nzima halikuibwa tone, nami nilijisifu sana.

Sasa Ladu. Alikuwa mtu wa hapa hapa aliyekulia uhamishoni Uganda, akarudi na mke, watoto wanne na Kiswahili cha huko. Asubuhi alishusha magunia kwenye malori pale Custom, kwa hiyo kwenye maji alifika saa tisa alasiri, wenzake wakiwa wameshamaliza. Aliuza mtaa wa New Site, nyumba kumi na moja, si mbali na ninapokaa. Hakuwa mtu wa maneno. Hilo nalo nilikuwa nimelishuku tangu zamani.

Kazi yangu ilinitaka nipite nyumbani kwa watu na kichupa changu, kuona kama dawa inafika. Maji ya wale wa asubuhi yalikuwa waridi. Maji ya Ladu hayakugeuka. Nikadhani nimekosea, nikarudia. Hayakugeuka. Nyumba ya tatu ilikuwa ya Mama Keji, ambaye mtoto wake mdogo alikuwa anahara siku ya nne, amelegea mgongoni mwa mama yake. Nikapima maji yake kwa hasira. Hayakugeuka.

Kesho yake nikamngoja Ladu kituoni.

"Haya maji unayouza unachota wapi?"

"Si hapa kwako, Mama. Wewe mwenyewe naweka dawa."

"Niliweka smichi moja kila jerikani. Imeenda wapi?"

"Mimi iko najua? Mimi nabeba tu."

"Yenye dawa unayauza njiani, halafu unajaza tena mtoni, ukwepe foleni."

"Foleni gani saa tisa, Mama? Mimi iko peke yangu hapa." Akanitazama. "Na hii maji watoto yangu pia nakunywa."

Vijana, hapo ndipo nilipopaswa kusimama. Mtu amekwambia foleni haipo, na kweli haipo, unaiona kwa macho yako. Amekwambia watoto wake wanayanywa. Lakini mwenye shaka ana jibu la kila kitu. Mwizi naye hula alichoiba, nikajiambia.

Kila baiskeli ilikuwa na kibati chenye nambari; bila kibati hujazi maji kwetu. Nilichukua bisibisi nikafungua kibati cha thelathini na moja kwa mikono yangu. Ladu alisimama akaishikilia baiskeli isianguke, ili nikifungue vizuri. Nilipomaliza akasema, "Malesh, Mama, lakini wewe iko nakosea." Malesh hapa ni pole, au samahani. Mwenye kuonewa ndiye aliyeomba samahani. Halafu, na hili hakuna aliyenituma, nikapita nyumba zake zote kumi na moja nikiwaambia wasinunue tena kwake, ni mwizi wa dawa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Nyumba zake zikachukuliwa na Okello, Mganda mcheshi wa nambari kumi na mbili, ambaye maji yake ya asubuhi hayakuwahi kunipa shaka. Akaanza kurudi alasiri kwa safari ya pili. Baada ya siku chache nikapima maji yake kule New Site. Hayakugeuka.

"Mama Dawa," akaniambia, maana ndivyo walivyoniita, "asubuhi mimi ni mtu mzuri, saa tisa nageuka mwizi?"

"Watu hubadilika," nikamjibu.

Alasiri iliyofuata nikakodi bodaboda nimfuate. Nilitia smichi mwenyewe katika kila jerikani, nikafunga vifuniko mwenyewe, nikapanda. Mwendesha boda alilalamika njia nzima kwamba hajawahi kuendesha pikipiki polepole kiasi cha kupitwa na mbuzi. Okello kila baada ya mwendo aligeuka akanipungia mkono. Sikupepesa macho. Hakupita mtoni, hakufungua kifuniko, hata haja ndogo hakwenda. Tulipofika langoni kwa Mama Keji nusu saa ilikuwa imepita na zaidi. Nikapima pale pale, mbele ya wote. Kidonge kikayeyuka, maji yakabaki kama yalivyokuwa.

Mama Keji alikuwa amembeba mtoto kiunoni. Alikuwa ameanza kupata nafuu, lakini macho bado yalikuwa makubwa kuliko uso. "Sasa mwizi nani, Mama?" akaniuliza.

Nikaanza kuhesabu watu. Ladu nimeshamfukuza. Okello sijamwacha machoni. Mwendesha boda nilimshuku nusu dakika, lakini alikuwa amenipa mgongo muda wote. Watu wa kushuku wakaniishia, nikabaki mimi.

Siku ya pili yake nikafanya jambo nililopaswa kulifanya tangu mwanzo. Nilijaza jerikani asubuhi, nikatia dawa, nikangoja, nikapima: waridi safi. Saa tisa nikajaza nyingine, nikatia dawa kutoka chupa ile ile, kwa kifuniko kile kile, nikangoja, nikapima. Hakuna kitu. Nikaishika ile chupa. Ilikuwa ya moto, jua lilikuwa limeikalia tangu asubuhi. Hapo ndipo maneno ya Aleki yaliponirudia, yale niliyoyasikia kwa sikio moja nikitazama mlango wa stoo: jua linakula klorini. Linaiacha chupa imejaa na mstari wa kalamu uko pale pale, lakini ndani ni maji tu. Niliilinda dawa nisiibiwe na watu, nikaikabidhi kwa jua. Na aliyekuwa akipewa hayo maji matupu ni yule mmoja asiyeweza kufika asubuhi, kwa sababu asubuhi alikuwa na gunia mgongoni.

Nililia pale kwenye benchi, sioni haya kuwaambia. Yule mwenye shati jeupe akaniletea chai. Shati lile, alikuja kuniambia, alilinunua jipya.

Ladu nilimkuta Custom anashusha unga kwenye lori lililotoka mpakani Nimule. Sasa alikuwa akibeba asubuhi na alasiri, na bega moja lilikuwa limechubuka. Nikamvuta nyuma ya lori, pasipo na watu.

"Ladu, nimekosea shwia," nikasema.

"Shwia?"

Nikasikia neno lenyewe lilivyokuwa jembamba. "Nimekosea," nikasema tena. "Kosa lote ni langu. Dawa iliharibikia kwenye meza yangu. Wewe hukufanya kitu."

Hakukasirika kama nilivyotarajia. Alijifuta unga usoni, akafikiri. "Mama, wewe ilienda nyumba kumi na moja kusema mimi mwizi. Sasa sorry nakuja leta nyuma ya lori. Hapa nyuma ya lori iko nyumba?"

"Hakuna."

"Basi."

Jumapili baada ya ibada tulizunguka New Site pamoja, nyumba kwa nyumba, mimi mbele yeye nyuma. Nyumba ya kwanza nilihutubu: jua, chupa, mwanga, mzee wa Kiskoti. Ladu akakohoa. Kufikia nyumba ya nne nilikuwa nimejifunza kusema, "Maji ya Ladu yaliharibiwa na mimi. Hakuiba." Mzee mmoja akanitupia ile ya nyani haoni kundule, nikamwitikia amina. Nyumba mbili walisema wamemzoea Okello na hawatabadilisha. Ladu akatikisa kichwa tu, na mimi nikajua hizo nyumba mbili nimezila, wala siwezi kuzirudisha.

Mwisho tukafika kwa Mama Keji. Mtoto alikuwa ameketi kwenye mkeka anapigana na andazi. Mama yake alinisikiliza mpaka mwisho, bila kunikaribisha kiti.

"Nimesikia," akasema. "Wewe unapima Ladu, unapima Okello, unapima maji ndani ya nyumba yangu. Wewe, nani anakupima?"

Nimejazwa mafunzo, nimepewa vyeti, na swali hilo sikuwahi kuulizwa.

Jumatatu nilifika mapema. Nilikuwa nimenunua bomba la sindano kwa mshahara wangu, lenye nambari zinazosomeka, na kile kifuniko nikakitupa shimoni. Dawa ikarudi kwenye jerikani nyeusi, jerikani nyeusi ikarudi kivulini. Nyinyi nanyi fanyeni hivyo, na ikifika adhuhuri changanyeni nyingine, msiionee huruma iliyobaki. Kibati cha thelathini na moja nilikuwa nimekisafisha.

Saa tisa Ladu akaja. Nikakifunga kibati kwenye baiskeli yake, akaishikilia tena isianguke. Nikanyoosha mkono nichukue jerikani ya kwanza. Hakunipa. Naye akanyoosha wake.

"Leta kichupa, Mama," akasema. "Leo naanza na wewe."

Wauza maji wawili waliokuwa wanapumzika wakasogea. Tukajaza jerikani moja ya kituo, nikatia mililita tano, akainama akasoma nambari kwenye bomba. Kisha tukaketi kwenye benchi nusu saa nzima, mimi na yeye, tukiitazama jerikani. Muda ulipotimia alitumbukiza kidonge, akatikisa, akainua kichupa juu akakiangalia kwa jicho moja.

Yakageuka waridi. Ladu akayamwaga, akasuuza kichupa, akapanga jerikani zake nane.

Kesho yake saa tisa akanyoosha mkono tena, na siku iliyofuata pia. Alinipima hivyo kila siku ya kazi mpaka nilipostaafu, na hakuna siku hata moja aliyosema kwamba sasa ananiamini.